Isale la Lipa Ukipokea

Mpaka leo nikisikia ule mlio, mwili unanisisimka. Si mlio mkubwa. Ni kama tone la maji linaloangukia sufuria tupu, na maana yake ni kwamba mahali fulani mtu amebonyeza simu yake na mimi nimepata oda. Mwanzoni nilikuwa nikiusikia natabasamu, naacha hata sahani ya chakula kwenda kuangalia nani kanunua nini. Siku hizi ukilia nikiwa nakula, chakula kinanishinda kumeza.

Nilianza na maua. Nilikuwa nauza miche kwenye ndoo na makopo kandokando ya barabara ya kushukia Moshi mjini, jua langu, mvua yangu, na kila mara nikibishana na watu wa halmashauri waliokuja kunifukuza. Halafu binamu yangu akanionyesha soko la kwenye simu. Unapiga picha, unaandika bei, mtu wa Dar au wa Dodoma anaona, anaagiza, wewe unafunga mzigo unaupeleka kwenye ofisi ya wasafirishaji mjini, kazi imekwisha. Nikahamia nyumbani kwa mama, Uru, kwenye kivuli cha migomba na maji ya mfereji. Baba alikuwa ameshafariki na mama alikuwa anaishi peke yake, kwa hiyo kila mtu alinisifu kwamba nimefanya jambo jema. Kwa muda lilikuwa jema kweli.

Katika ile miche niliweka pia isale. Kwetu Uchaggani isale si ua. Ni mmea wa majani marefu membamba unaopandwa mpakani mwa kihamba, yaani shamba la ukoo, na kwenye makaburi, na hakuna anayeung'oa ovyo. Lakini watu wa mjini wanaupenda kwa kupamba ofisi kwa sababu hauwasumbui kuumwagilia, nami nikaupanda kwenye ndoo nyeupe nikaupiga picha. Uliuzika polepole. Sikuona ubaya wowote.

Ubaya ulianza pale mteja mmoja wa Mwanza aliponiandikia kuuliza kama naweza kumuuzia jani moja tu, bila mche. Nilimwelewa palepale. Kwetu ukimkosea mtu kosa zito unachuma jani la isale, unalifunga fundo, unakwenda nalo kwake, wewe mwenyewe au mtu mzima wa ukoo aliyekubali kukubebea aibu yako. Aliyekosewa akishaliona hana ujanja. Anaweza kukutukana kwanza, anaweza kulia, anaweza kukuacha umesimama uani mpaka miguu ife ganzi, lakini mwisho atalipokea, na akishalipokea lile neno halitajwi tena. Yule wa Mwanza alitaka kwenda kwa kaka yake na huko aliko hakupata masale. Nilimhurumia. Nikamkatia jani, nikalizungushia gazeti, kisha nikaongeza bidhaa mpya dukani kwangu: jani la isale, halisi, kutoka Uru.

Halafu mtu fulani mwenye wafuasi wengi akatengeneza video. Alikuwa anacheka muda wote. Alisema mwisho wa mwaka umefika, Wachagga tunapanda kwenda nyumbani, sasa wewe mwenye ugomvi na watu wako utakaaje nao meza moja? Agiza isale, alisema, litangulie, ukifika unakuta mambo yameshapoa unakula zako nyama. Akaonyesha duka langu.

Hapo lile tone likawa mvua. Oda ziliingia nikiwa nasuka nywele, nikiwa naoga, nikiwa nimepiga magoti kanisani. Nilizima sauti, simu ikawa inatetemeka mfukoni kama kifaranga kilicholowa. Asubuhi nilikuwa nasubiri umande ukauke kwanza, kwa sababu jani likifungwa na umande linaoza ndani ya nailoni, kisha mteja anakutumia picha ya uozo akiuliza kama huo ndio ustaarabu. Umande ukikauka nakata, nafuta kila jani kwa kitambaa, nazungushia gazeti, natia kwenye bahasha ya nailoni, nabandika karatasi ya anwani, navuta selotepu kwa meno. Selotepu ina ladha yake. Mpaka Krismasi ilipofika nilikuwa naonja selotepu hata kwenye chai.

Nilijaribu kila ujanja wa kupunguza. Niliandika kwamba yamebaki majani machache tu, nikidhani wataona aibu kugombania. Wakagombania zaidi, na lile soko likanitumia ujumbe wa hongera wenye picha ya fataki, likinihimiza niongeze mzigo. Nikapandisha bei. Wakanunua zaidi, maana kitu ghali watu wanaamini ni halisi. Nikabonyeza sehemu iliyoandikwa likizo, duka likafungwa kwa siku ile, lakini namba yangu ilikuwa kwenye vifurushi nilivyokwisha kutuma na watu wakaanza kunipigia moja kwa moja. "Wewe ndiye dada wa msamaha?" mmoja aliniuliza. Nikakata simu. Akapiga tena.

Tena lile soko lina adhabu zake. Ukichelewa kupeleka mzigo linakuwekea alama nyekundu mbele ya jina, alama zikizidi linakuficha chini kabisa ambako hakuna mtu anayefika, na maua yangu, ambayo ndiyo yaliyokuwa yananilisha, yangezama pamoja na masale. Kwa hiyo huwezi kukimbia. Nikamwajiri mama jirani anisaidie kufunga. Alifanya kazi asubuhi moja, mchana akavua aproni, akaniambia hawezi kufunga misamaha ya watu kama anafunga maandazi. Sikumlaumu, ila nilimchukia kidogo kwa kuweza kuondoka.

Kilichonitia kinyaa hasa si wingi. Ni yale maelezo. Kwenye oda kuna nafasi mteja anaandika anachotaka, na pale ndipo nilipowaona watu wetu walivyo wakiamini hawaonekani. Mmoja aliniomba nimwandikie na maneno ya kuomba radhi, "yoyote tu, wewe una uzoefu." Mwingine alitaka matatu, la mke, la mama mkwe, na moja la akiba. Mwingine aliuliza nikimtumia la jana lililonyauka nitampunguzia kiasi gani. Kuna aliyetaka lipelekwe kwa mdogo wake Sanya Juu, akasisitiza nisitaje jina la mtumaji. Nilikaa na ile oda mkononi nikijiuliza yule mdogo wake atamsamehe nani.

Halafu ikaja habari ya fundo. Wateja walilalamika kwamba jani linafika halijafungwa. Mama, ambaye alikuwa anakaa kwenye kigoda chake mlangoni akimenya ndizi na kuniangalia bila kusema kitu, siku hiyo alisema.

"Fundo anafunga mwenye kosa," alisema. "Akifunga anajua anafunga nini. Wewe unafunga nini?"

"Mama, wanataka lifike tayari."

"Tayari," alirudia, akaendelea kumenya.

Nikafunga. Nilifunga mafundo mpaka vidole vikawa vinafunga vyenyewe, na kila nilipofunga mama aligeuza uso kuangalia migomba.

Na masale yalianza kurudi. Wateja wengi, hasa wanaume, walichagua lipa ukipokea, yaani mpokeaji ndiye anayemlipa bodaboda mzigo ukimfikia. Fikiria vizuri. Umemtapeli ndugu yako, au umemtukana mama yake, halafu anakuja bodaboda getini anamwambia kuna isale lako, lipia. Wapo waliolipa, Mungu awabariki. Wengine waliwafukuza bodaboda kwa mbwa. Isale ambalo kwetu tangu tuzaliwe hatujasikia limerudishwa, lilikuwa linarudi kwangu kwenye mfuko uleule, limekauka, na karatasi juu yake imeandikwa sababu: mteja hakuridhika na bidhaa.

Sikujua la kufanya nayo. Kuyatupa jaani niliogopa, kuyachoma niliogopa zaidi. Mama alikataa yasiingie ndani ya nyumba. Nikayarundika kwenye banda la zamani la mbuzi, na rundo likawa linakua, mafundo yote ya watu waliokataliwa yakinuka vumbi na nailoni. Nilikuwa napita pale nimeziba pua ingawa hakukuwa na harufu ya kuzibia pua.

Sasa niseme habari za mdogo wangu, kwa sababu ndiko mambo yalikoelekea.

Ni kitinda mimba wa mama, wa kiume, na kwa desturi yetu nyumba ya wazazi ni ya mtoto wa kiume wa mwisho. Mama anaishi ndani ya nyumba ambayo kila mtu anajua ni ya kijana wake. Yuko Dar, ana kazi nzuri. Siku tuliyomzika baba, watu wakiwa bado wamekaa kwenye viti vya kukodi na sahani mapajani, alisimama akasema mama alimchelewesha baba kwenda hospitali makusudi. Alisema makusudi. Kulikuwa na wazee wa ukoo, kulikuwa na wanajumuiya, kulikuwa na masista wawili wa parokia. Mama alikuwa amemuuguza yule mzee kwa mikono yake mpaka mgongo ukapinda, na baba mwenyewe ndiye aliyekuwa anakataa kupelekwa hospitali. Mdogo wangu aliingia kwenye gari lake akaondoka kabla mashada hayajanyauka, na hakupanda tena.

Mama hakujibu kitu siku ile wala baadaye. Ila wakati fulani mashangazi walipomshika sana amsamehe, alisema kijana wake akija na isale atamsikiliza. Tangu hapo kila Desemba magari ya Dar yakianza kupandisha, mama anafagia uani mara mbili. Hasemi anamsubiri nani. Mimi nilikuwa namwona anavyonyoosha shingo gari likipunguza mwendo kwenye kona ya juu ya mfereji, na nilikuwa namwomba Mungu mdogo wangu aje kabla ile shingo haijachoka. Hilo ndilo nililokuwa nalitaka hapa duniani, si nyota za wateja wala oda.

Ikaja Desemba hiyo ya video. Nilikuwa katikati ya rundo la bahasha, nikishuka na orodha ya oda kwenye simu, nabandika, nasogea, nabandika, nasogea. Nikafika kwenye moja nikaona anwani ya kupeleka ni Uru. Nikasoma kijiji. Nikasoma jina la mpokeaji, na ni jina la mama. Mtumaji alikuwa mdogo wangu, na wala hakujificha. Kwenye maelezo alikuwa ameandika hivi: "Funga fundo vizuri. Mpe na salamu." Na malipo: lipa ukipokea.

Niliziacha bahasha. Nikatoka mpaka nyuma ya banda la mbuzi nikampigia.

"Dada! Mambo vipi, naona biashara imechangamka," alisema.

"Hii oda ni ya nini?"

"Si isale la mama. Nimeona heri nimalize hili jambo kabla ya mwaka kuisha. Halafu nikasema badala ya kutafuta kwingine, ngoja nimsapoti dada yangu."

"Umenisapoti."

"Eeh. Si biashara?"

Nilimwambia isale halitumwi kama chaja ya simu. Akaniambia hata zamani watu walikuwa wanatuma mtu, haikuwa lazima uende mwenyewe, na hapo alikuwa sahihi, ndiyo maana nilizidi kukasirika. Nikamuuliza basi kwa nini mama alipie. Akasema simu iligoma kukata pesa, akabonyeza ile njia nyingine, mama alipe tu kisha atamrudishia.

"Na utakuja Krismasi?"

"Dada, kazini mwisho wa mwaka ni balaa, si unajua. Nitaangalia. Lakini isale likishafika si yameisha? Si ndivyo ilivyo?"

Nilikata simu nikabaki nimesimama pale na yale masale yaliyokataliwa. Nilikuwa na kitufe cha kughairi. Muuzaji anaruhusiwa kughairi, unachagua sababu, bidhaa imekwisha, mzigo hauna ubora, na mteja anaarifiwa kwa lugha ya adabu. Kidole kilikuwa juu yake. Lakini ile oda ilikuwa na jina la mama, na nikaona si haki nimkatalie mtu kitu chake bila kumwambia. Kwa kweli nilikuwa na hakika atakikataa mwenyewe, tena nilitaka kusikia anavyokikataa. Nilitamani kumwona mama yangu amekasirika japo mara moja.

Nikaenda mlangoni, nikachuchumaa mbele ya kigoda chake, nikamsomea yote. Nikamweleza na lipa ukipokea, taratibu, ili lisimpite. Aliacha kumenya. Alikaa na kisu mkononi, ndizi imemenywa nusu.

"Litaletwa kwa mkono wa nani?" aliuliza.

"Wa bodaboda, mama. Mtu wa barabarani tu. Hata hamjui."

"Bodaboda ni mtu."

"Mama, amekutaka ulipie!"

"Nimesikia." Akaweka kisu chini. "Kakate la pale kwa baba yako. Lile pana, usikate la mpakani."

Nilimwambia mengi. Nilimwambia kila mtu ananichezea mimi na hayo majani, sasa na yeye achezewe na mwanawe wa kumzaa? Nilimwambia anaweza kukataa, wenzake wanakataa kila siku, aende akaone bandani. Akaniangalia kama mtu anayemsikiliza mtoto mwenye homa.

"Hao ni hao," alisema. "Mimi nililiomba."

Nikaenda kaburini kwa baba nikakata jani. Nikalifuta. Nilipotaka kulifunga, mikono iliyokuwa imefunga mafundo ya nchi nzima ikakataa. Nilikaa na lile jani kwenye meza ya vifurushi nimelikodolea macho. Mama alikuja nyuma yangu, akalichukua.

"Lete," alisema. "Hata kamba za viatu nilikuwa namfungia mimi."

Akalifunga pale pale, amesimama, taratibu, akavuta ncha zote mbili mpaka fundo likakaa sawa. Mwanamke aliyetukanwa mbele ya kaburi la mumewe alifunga fundo la aliyemtukana. Nikalizungushia gazeti.

Haikuishia hapo. Mzigo hauwezi kutoka mkononi mwangu kwenda mkononi mwa mama tukiwa nyumba moja. Lazima upelekwe mjini, ukapigwe mwanga ule mwekundu kwenye karatasi ya anwani, uingizwe kwenye mfumo, ndipo bodaboda aupakie. Kwa hiyo nilishuka nao Moshi pamoja na mingine, nikapanga foleni, dada wa kaunta akasoma anwani akaniuliza kama huko si kwetu. Nikamwambia ndiyo. Akacheka, akaupiga mwanga. Isale likaondoka kaburini kwa baba, likashuka mjini, likalala kwenye shelfu kati ya viatu na vifaa vya blenda, ili kesho yake lipande kilima kurudi lilikotoka.

Kesho yake mama alioga mapema. Alivaa kitenge chake cha Pasaka na kufunga kilemba, akafagia uani, akatoa kile kigoda kizuri. Aliweka mbege, pombe yetu ya ndizi, kwenye kata, kile kibuyu cha kunywea, akakifunika kwa jani la mgomba, maana kwetu aliyeleta isale hunyweshwa kabla hajaondoka. Kisha akakaa akisubiri kama anayesubiri wageni wa posa. Mimi nilijifanya nafunga vifurushi.

Bodaboda alikuwa mtu mzima, baba wa watu, na koti lake la mvua lilikuwa limejaa matope. Alizima pikipiki getini.

"Shikamoo bibi. Kuna mzigo wako hapa. Ni wa kulipia."

"Marahaba baba. Karibu. Ingia nao ndani, usiniletee mimi getini."

Akaingia, akavua kofia ngumu bila kuambiwa. Nadhani aliona kitenge, akaona kata, akahisi hapa si mahali pa kutupa mzigo na kuondoka. Mama akafungua pindo la kitenge akamlipa. Halafu akatoa mikono yote miwili mbele. Bodaboda akafungua nailoni, akafungua gazeti, akaona ni nini. Ni mtu wa Kibosho, anajua. Alibadilika uso, akashika lile jani kwa mikono miwili na yeye, akainama akampa.

"Nimepokea," mama alisema. "Mwambie nimepokea. Mwambie yamekwisha, sina kitu moyoni. Mwambie nyumba yake ipo."

"Nitamwambia, bibi," bodaboda akajibu, akaniangalia mimi kwa shida, kwa sababu sote wawili tulijua hana pa kumwambia. Ana kitufe kimoja tu, kimeandikwa umepokelewa.

Alikunywa funda moja la mbege, akasema anaendesha. Mama akamwambia aika, ndiyo asante yetu. Kisha bodaboda akaomba radhi kwamba lazima ampige mama picha akiwa na mzigo, kazini wanadai uthibitisho. Mama akanyoosha kilemba, akaliinua isale kifuani, akatabasamu. Sijawahi kumwona akitabasamu vile kwenye picha. Bodaboda akabonyeza, na huko Dar mdogo wangu akapata ile picha.

Mama alilichomeka isale ukutani, juu ya picha ya baba. Kuanzia siku ile alianza kumwandalia. Alichagua ndizi za mbege akazifukia ziive. Alimwambia jirani amwekee mbuzi. Alinituma nianike godoro la chumba cha kule mwisho. Sikumwambia yale ya "nitaangalia". Nilimtumia mdogo wangu ujumbe, mama anakusubiri, akanirudishia kidole gumba kilichosimama. Nikatuma tena. Kidole gumba tena.

Magari yalipandisha. Uru ilijaa mpaka barabara ya parokia ikawa haipitiki, watoto wa Dar wakawa wanaogopa kuku, masufuria yakawa yanahesabiwa kila nyumba. Mkesha wa Krismasi mama alikaa kanisani karibu na mlango. Siku yenyewe alikaa uani mpaka mtori, supu yetu ya ndizi, ukapoa, tukaupasha, ukapoa tena. Hakulalamika. Gari lilipopunguza mwendo kwenye kona alinyoosha shingo, lilipopita aliirudisha. Mbuzi tulimla na jirani.

Oda zilikatika ghafla Krismasi ilipopita, maana Januari hakuna anayehitaji kusamehewa. Nilikuwa nimeshaamua kulifuta lile jani dukani kwangu, nibaki na maua yangu. Siku ya pili ya Krismasi, tukiwa jikoni, simu ikalia ule mlio. Nikadhani ni oda. Haikuwa oda, ni yale maoni wateja wanayoandika baada ya kupokelewa mzigo, soko huwa linawasumbua mpaka wanaandika. Alikuwa mdogo wangu.

Mama alikuwa anakoroga chungu. Aliona uso wangu.

"Ni yeye?"

"Ni yeye."

"Amesema nini?"

Nilisoma mara mbili nikitafuta namna ya kuyatafsiri, nikakosa. Nikamsomea yalivyo.

"Ameandika: huduma nzuri, imefika haraka. Na ametoa nyota tano."

Mama akaacha kukoroga. "Tano ni nyingi?"

"Ndiyo, mama. Ndiyo za juu kabisa. Hakuna zaidi ya hizo."

Alifikiri kidogo, mwiko ukiwa juu ya chungu. Halafu akatikisa kichwa kama mtu aliyekubaliana na jambo.

"Basi amefurahi," alisema, akaniomba nimsogezee kuni.